Mistari ya Kuku na Mistari ya Dukani

Mpemba, Tunduma
12 Novemba 2023

Mdogo wangu Lusubilo,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti ya Mama, na kuku wangu wa mayai ambao kicheche amewazoea kama wake. Mama anakusalimu. Anamsalimu pia wifi Fortunata na kuuliza kama joto la Kamsamba ameshalizoea au bado linamtesa.

Naandika kwa sababu Mama ameamuru. Amesema kwenye simu tunakatiana hata salamu hazijaisha, na amechoka kuwa refa wetu. Anasema mtu akiandika hasira humtoka kwenye mkono. Basi nayaweka hapa yale tuliyokubaliana mbele yake Jumapili ile, usije ukayageuza. Shamba la Kamsamba marehemu baba alituachia sisi wawili. Mimi nilitaka mpunga kama watu wote wa bondeni, wewe ukataka michikichi, nikakuachia. Sasa miti inakaribia miaka mitatu na haijatoa hata mkungu mmoja. Wewe unasema inataka mbolea ya dukani. Mimi nasema inataka mbolea ya kuku, maana ardhi ile imechoka na mbolea ya dukani haimpi mtu ardhi, inampa majani tu. Kwa hiyo mistari ya mashariki ya mfereji itakula ya kuku, ya magharibi itakula yako. Pasaka ya mwaka 2025 ikitukuta bila mikungu, michikichi yote inakatwa na shamba linakuwa la mpunga. Sikusema Pasaka hii inayokuja, nimesema ile ya baadaye, ili usiseme dada amekubana.

Magunia ya mbolea ya kuku yametoka na basi la jana. Konda, yule Gibson, alitaka nikate tiketi kwa kila gunia kwa sababu ya harufu. Usiimwage mbichi. Ifunike, ikae mpaka ukiingiza mkono usiungue.

Dada yako,
Tumpe


Kamsamba
3 Desemba 2023

Dada Tumpe,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu pia, na umwambie asikae kwenye saruji asubuhi. Sisi hatujambo. Fortunata hajambo, ila ananung'unika kwamba katika bonde hili lote ni yeye peke yake anayenunua mchele dukani. Nimemwambia avumilie. Amenijibu kwamba uvumilivu hauchambuliwi mawe wala haupikwi.

Magunia nimeyapata. Nimeimwaga mbolea yako yote siku ile ile, kwa sababu wingu lilikuwa limeshasimama na nisingeweza kungoja ipoe. Kwenye mistari yangu nimeweka NPK na Urea kidogo, nimeizungushia hatua moja kutoka kwenye shina kama walivyotuelekeza siku ya kugawa miche. Usiponiamini uje uone.

Jambo jingine, nimepogoa karibu shamba zima, mistari yako na yangu. Nimeiachia miti majani machache ya juu, basi. Ukisimama upande huu unamwona mtu aliye upande wa pili, shina moja moja limesimama safi, hewa inapita. Mzee wa Kisukuma anayechunga karibu na hapa aliniuliza kama michikichi yangu inaumwa. Nikamwambia sisi ni watoto wa kahawa, Mbozi, tumekulia kwenye mkasi. Baba angeiona angesema hapa pamelimwa na mtu aliyelelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Lusubilo


Mpemba
21 Januari 2024

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeanza kuchakaa. Mama yupo. Krismasi alikula nyama mpaka nikaogopa. Kanisani wamebadilisha mwalimu wa kwaya, na huyu mpya anapenda nyimbo ndefu.

Sasa tuje kwako. Nilikuambia usiimwage mbichi, ukaimwaga mbichi. Majani yakiungua ncha usije ukaniambia mbolea ya dada ni kali. Mbolea ya kuku ni kama maharage, haina ubaya wowote mpaka pale mtu anapoila haijaiva. Nitakutumia nyingine iliyooza vizuri, nimeichanganya na pumba na majani ya migomba, haitoi hata harufu. Gibson mwenyewe ameikalia.

Kupogoa umefanya vizuri, hapo sina neno. Unakumbuka baba alivyokuwa anapita kwenye kahawa za watu akitikisa kichwa? Mti wenye majani mengi alikuwa anauita mti wa mvivu. Endelea hivyo hivyo, usiache pori.

Mwambie wifi nimemtumia kilo chache za mchele wa Kyela, nimeununua kwa pesa yangu, asiulize bei.

Tumpe


Kamsamba
16 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Barabara ilikuwa imekatika, halafu ikaungwa, halafu nikawa na shughuli. Vipi magoti ya Mama?

Nakuandikia ukweli wa shamba, nawe uupokee bila kupiga vigelegele. Wakati wa mvua mistari yangu iliipita yako. Ilipanda, majani mapana, kijani cheusi, mtu akipita njiani ni hiyo anayoitazama. Yako ilibaki chini, na ile niliyoimwagia mbichi iliungua ncha, nakiri. Lakini tangu mvua ikatike mambo yamebadilika. Yangu imeanza kulegea, majani ya chini yametoka madoa ya rangi ya chungwa. Yako haijatetereka. Nikichimba kwa kidole chini ya mbolea yako nakuta unyevu, na minyoo, mwezi wa sita huu, Kamsamba hii. Kwangu ni vumbi. Nimeambiwa madoa yale ni njaa ya potashi, nimeshanunua na kuweka, na majani mapya yanatoka hayana doa. Kwa hiyo usiseme umeshinda. Sema tumekwenda sare.

Maua yametoka. Yote ni dume. Kwako dume, kwangu dume. Dume hutoa unga tu likakauka, halifanyi mkungu. Vijana wa hapa wamelipa shamba letu jina, wanasema wanapita Shamba la Madume. Bwana shamba wa kata alikuja, lakini yeye ni mtu wa mpunga, alizunguka akasema tuongeze mbolea. Hakusema ipi.

Nimepogoa tena shamba lote, isipokuwa mti mmoja ulio ukingoni mwa mfereji. Nyuki wameufanya kwao tangu ukiwa mdogo, sijawahi kuusogelea, si kwa panga wala kwa mbolea. Umekuwa kichaka, unaniharibia mstari.

Lusubilo


Mpemba
4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Mama alinitaka nimsomee pale pa Shamba la Madume mara mbili, akacheka mpaka akashika ubavu. Usikasirike. Sijapiga vigelegele, nimetabasamu tu, na nilikuwa peke yangu jikoni.

Nakubali sare. Lakini sare ya kukosa wote wawili ina faida gani? Nimekutumia mboji zaidi, na nimekununulia gunia la potashi hapa Tunduma, ili usiseme napendelea kuku. Endelea kumwagia, endelea kukatia, Mungu atafanya yaliyobaki.

Nina swali. Barua yako ni ndefu, umemtaja bwana shamba, vijana, nyuki na minyoo. Wifi hujamtaja. Ile ya mchele hukunijibu kama aliupata. Fortunata hajambo?

Tumpe


Kamsamba
2 Februari 2025

Dada Tumpe,

Shikamoo. Natumaini Mama anaendelea vizuri. Simu yangu imeingia maji kwenye jaruba la watu, usinitafute huko. Barua hii nampa dereva wa lori la mpunga, sijui itakufikia lini, maana mvua ya mwaka huu haina adabu.

Mboji na potashi nilizipata, zote nimeweka zilipopaswa. Miti ni mizuri, ya pande zote mbili, sidanganyi. Mashina yamenenepa. Nimeipogoa kama kawaida. Lakini mikungu hakuna. Mti mmoja kati ya yako ulitoa ua jike, likanyauka kabla ya kukomaa. Kwangu dume, dume, dume. Nimekaa nikayafikiria maneno yetu ya mbele ya Mama. Mimi sina tabia ya kurudi nyuma. Pasaka ikipita naanza kukata, na msimu ujao shamba litakuwa la mpunga kama ulivyotaka tangu mwanzo. Ulikuwa na haki. Sijui kama umewahi kuniona nimeandika neno hilo.

Ajabu ni mti wa nyuki. Ule ambao haujala ya kuku wala ya dukani umetoa mikungu miwili, mmoja umeanza kuwa mwekundu. Nadhani ni kazi ya nyuki wenyewe. Ningejua ningeweka mizinga badala ya kuhangaika na magunia. Sasa tumechelewa.

Lusubilo


Mpemba
17 Machi 2025

Lusubilo,

Barua yako imefika leo asubuhi, imelowa, karibu mwezi na nusu njiani. Salamu nitazitoa siku nyingine.

Usikate.

Nimeisoma sehemu ya mti wa nyuki nikaacha uji wa Mama ukafurika. Nyuki wako kila mahali, hao hao wanatembelea na miti mingine. Mti ule una nini ambacho mingine haina? Mbolea haujala. Kitu kimoja tu kimekosekana kwake, nacho ni panga lako. Ndiyo maana nimevaa viatu nikaenda sokoni kwa Pili, yule mama wa Kigoma anayeuza mawese kwa Wazambia. Nilipomwambia tunaupogoa mchikichi mara mbili kwa mwaka na kuuachia majani machache ya juu, aliacha kupima mafuta. Akaniuliza, "Dada, mmeukosea nini mti wa watu?" Anasema kwao mchikichi mchanga hautolewi jani bichi kabisa, ni makavu tu. Ukiunyang'anya majani mti unaona njaa, na ukiona njaa unatoa madume, unangoja hali iwe nzuri ndipo uzae.

Mwaka mzima tumebishana unga wa nani ni bora, kumbe tumezima jiko, maana majani ndiyo jiko la mti. Na mimi nilikuandikia kwa mkono wangu, usiache pori. Baba alikuwa sahihi kwenye kahawa. Hakuwahi kuona mchikichi maisha yake yote.

Pili anasema haitazaa kesho. Ukiacha kukata leo, uhesabu mwaka, labda miwili. Basi tuhesabu. Pasaka nimeifuta mimi.

Nimepiga simu yako kutwa nzima ingawa umeniambia imekufa. Barua nampa Gibson, na maneno nimemwambia kwa mdomo pia, ingawa anasema basi linaishia njiani, mto umejaa. Ningekuja mwenyewe kwa miguu, lakini siwezi kumwacha Mama. Sababu nitakueleza baadaye.

Usikate, mdogo wangu.

Tumpe


Kamsamba
11 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Gibson alifika wiki ya pili baada ya Pasaka. Aliniona kwa mbali akaanza kupiga kelele kutoka mlangoni mwa basi. Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki.

Nilianza Jumatatu ya Pasaka. Nilianza na mistari yangu, kwa sababu niliona aibu kuanza na ya mtu mwingine. Nilikata siku baada ya siku. Mchikichi haulii kama mti wa mbao, unazama tu, shoka linaingia kama kwenye nyama. Nimeimaliza yote ya magharibi. Ile iliyopanda kuliko yako, yenye majani ya kijani cheusi, hakuna hata mmoja uliobaki. Nilikuwa nimepanga kuvuka mfereji siku inayofuata, nikashindwa. Niliamka asubuhi nikanoa shoka, nikavuka, nikarudi. Nikanoa tena. Nilikuwa nafikiria jinsi ulivyofunga yale magunia kwa kamba ya katani, mafundo mawili mawili, yasimwagike kwenye basi. Hivyo ndivyo yako ilivyopona, na mti wa nyuki pamoja nayo. Si akili, dada.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilipofika pale pa njaa nilitupa panga mferejini, kisha nikaingia kulitoa, maana ni panga zuri.

Umeniuliza habari za Fortunata mwaka jana nikanyamaza. Aliondoka mwezi wa tano mwaka ule, akarudi kwao Ikinga. Alitaka tulime hata kipande kidogo cha mpunga kati ya mistari, nikakataa, nikasema mpunga utaila mbolea ya michikichi. Akasema yeye hakuolewa na miti. Mchele wako aliupata, aliupika, ukaisha, akaondoka. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ungenikumbusha kuwa nawe ulitaka mpunga.

Inaniuma. Naomba nisiseme zaidi.

Na wewe niambie, Mama ana nini?

Lusubilo


Mpemba
24 Agosti 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Mama anakusalimu, na leo amenikataza kukuficha, wakati yeye ndiye aliyenikataza kukuambia. Tangu mwezi wa kumi na moja mwaka jana hawezi kuinuka bila kushikwa. Akili iko sawasawa, ulimi uko sawasawa zaidi. Alisema ukijua utaliacha shamba uje kukaa naye, halafu utakuwa mtu asiye na shamba wala mke, na yeye hataki mgonjwa wa pili nyumbani. Usije mbio. Njoo baada ya kutayarisha shamba, ukae naye wiki nzima, akutukane vizuri.

Miti uliyoikata sitaki uniombe radhi. Ilikuwa kwenye makubaliano, na makubaliano niliyaandika mimi. Iliyobaki kuanzia leo si yangu, ni yetu. Acha ushindani. Iwekee mboji yangu na juu yake potashi yako na NPK yako. Pili anasema kwao wenye akili wanachanganya, samadi inashika maji na cha dukani kisipotee na mvua. Panga liguse majani makavu tu.

Sasa jambo ambalo hukunituma. Jirani yangu Teresia alikaa na Mama, nami nikaenda Ikinga. Nilimkuta wifi anapukuchua maharage, tukapukuchua wote. Sikukuombea msamaha wala sikukusema vibaya. Nilimweleza yote, nyuki, panga, shoka. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika pale ulipokata upande wa magharibi, ndipo aliuliza swali lake la pekee.

"Visiki ameving'oa?"

Nikasema sijui.

"Hata asiving'oe," akasema. "Mpunga haukatazwi na kisiki. Upande huo unapata maji ya mfereji?"

Nikamwambia unapata. Akaendelea kupukuchua. Hakuniahidi kitu, nami sikuahidi kwa niaba yako. Nakuambia tu ulichoulizwa.

Tumpe


Kamsamba
15 Februari 2026

Dada Tumpe,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama mara mbili. Tangu niondoke hapo mwezi wa kumi nimekuwa nikimsikia akinituma maji hata nikiwa shambani.

Fortunata alishuka kwenye basi la Gibson mwanzoni mwa Desemba, ana jembe lake na mbegu kwenye kiroba. Alinisalimu, akaweka kiroba ndani, akaenda moja kwa moja upande wa magharibi. Hakuniambia amerudi. Aliniambia tuta la mfereji limebomoka pale pembeni na nilitengeneze kabla maji hayajaja. Nikalitengeneza. Mambo ya mwaka ule tuliyazungumza baadaye, kidogo kidogo, na mengine bado.

Michikichi ya mashariki imejaa majani, haipitiki. Vijana wanaiita Pori la Lusubilo sasa, nawaacha. Nimeihesabia majani tu, sijaihesabia kitu kingine. Kuna maua jike kwenye baadhi, na yale ya mwanzo hayajanyauka. Huenda mwaka huu, huenda mwakani. Nimechanganya mbolea kama ulivyosema, ya kuku chini, ya dukani juu.

Mpunga ndio nilitaka kukuandikia. Umetoka kati ya visiki, umeupita wa majirani wote wa bonde. Mzee wa Kisukuma anasimama kuutazama. Watu wanamuuliza Fortunata ametumia mbolea gani, anasema hajatia hata kijiko, ni mkono wake tu na ardhi iliyopumzika. Kila jioni anasimama tutani, mikono kiunoni, anautazama, na sijawahi kumwona hivyo tangu tuoane.

Ardhi ile haikupumzika, dada. Imekula mbolea yangu ya dukani na potashi misimu yote ile, na miti iliyopaswa kuila nimeikata mwenyewe. Iko pale pale chini. Juzi aliniuliza, "Unauonaje mpunga wangu?" Nikamwambia una mkono mzuri.

Ukija kuvuna, nawe mwambie hivyo hivyo.

Lusubilo